Mwaka Niliombeba Kurata

Kurata amekufa, na watu wameanza kumsema vizuri. Habari aliniletea binti yangu Maimuna, mezani, vidole vyangu vikiwa ndani ya wali. Alinisogezea simu mpaka puani, akaniuliza kwa hicho Kiingereza chake anachonijibia hata nikimwita kula: "Baba, huyu si yule Mjapani wa kwenye picha ya gereji?" Nikaangalia. Ndiye. Nywele zimekuwa nyeupe, mashavu yameingia ndani, lakini yale macho ya mtu anayetafuta ugomvi ndiyo yale yale. Chini ya picha wameandika alikuwa mtu mpole. Wameandika aliwafundisha vijana gitaa kwa subira, kwamba ndiye baba wa pank, ule muziki wa makelele, katika mji huu, kwamba moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko kelele zake. Maimuna alinisomea yote mimi nikitafuna. Nikamwambia, mpole nani? Huyu alinipiga teke la goti mbele ya ukumbi mzima. Huyu nilimwacha kwenye theluji na gitaa lake nikaondoa gari. Maimuna akasema, "Baba, mtu amekufa." Najua amekufa. Kufa si sabuni.

Mimi Mbaruku sikusoma. Niliishia darasa la sita, na sioni haya kulisema, maana waliosoma ndio wanaonipigia simu. Harusi ya Waswahili ikifungwa Toronto, iwe Malvern, iwe kwenye kumbi za huku Dixon, spika ni zangu, nyaya ni zangu, na yule kijana anayesema "moja mbili, moja mbili" kwenye maikrofoni anakula mshahara wangu. Hata Makhoja wa Thornhill, watu wasiotaka muziki, kwenye mihadhara yao huniita mimi, kwa sababu wanataka sauti ya shehe ifike upande wa kina mama bila kukoroma. Madaktari hunisubiri. Mawakili hunibembeleza tarehe. Sikurithi kitu, sikubebwa na mjomba. Sasa nikisema kwamba mwaka ulionitoa kwenye kuosha trei na kunitia kwenye kazi hii niliupitisha na yule mshenzi, msidhani namshukuru. Panga haliishukuru tupa. Na ile picha ya gereji sikuitundika kwa mapenzi, inaziba tundu la ukuta.

Tulikutana kwenye kiwanda cha chakula cha abiria wa ndege, karibu na uwanja. Nilikuwa bado mgeni Kanada, nalala sebuleni kwenye ghorofa moja la Dixon, godoro langu limebanwa kati ya televisheni na mlango wa choo cha watu. Kazi yetu ilikuwa trei. Ndege ikitua, mabaki yake yanakuja kwetu kwenye vigari vya bati: mikate iliyoumwa mara moja, siagi zenye alama za vidole, kahawa iliyomwagikia nepi ya mtoto. Tunamwaga, tunapanga, mashine inaosha. Chumba kilinuka supu ya nchi zote. Sote tulivaa kofia za wavu, na chini ya wavu wa yule Mjapani aliyesimama upande wa pili wa mkanda wa mashine palikuwa na nywele za kijani, zimesimama kama fungu la mchicha. Yeye alikuwa anakaribia arobaini, mimi sijafika thelathini. Siku ya kwanza nilimwamkia, akanitazama kama nimemkanyaga. Tulizungumza Kiingereza, chake kibovu na changu kibovu zaidi, lakini matusi yalielewana vizuri. Hapa nayaandika kwa Kiswahili ili msome.

Saa ya kula nilifungua bakuli la Bi Rukia. Huyu alikuwa mama wa kwetu Tanga, anakaa ghorofa ya juu yetu, anapikia wanaume wasio na wake, na ulimi wake ulikuwa unajulikana kuanzia lifti mpaka maegesho. Siku ile alikuwa ameniwekea samaki wa kupaka, nazi imeganda juu. Kwetu huwezi kula mbele ya mtu kimya kimya kama paka. Lazima useme karibu, na mwenzio lazima aseme asante, starehe, hata kama utumbo unamlia. Kila mmoja anajua sehemu yake. Basi nikamwambia karibu. Akakaribia! Alivuta kiti, akatoa vijiti mfukoni, akachagua kipande cha tumboni, kile nilichokuwa nakiweka kiwe cha mwisho, akakila mpaka mwiba, halafu akanipa neno lake la kwanza: "Chumvi haba." Kesho yake ulimi ukaniponyoka tena, karibu, akakaribia tena. Mwaka mzima alinilia samaki wangu, kwa sababu mimi sikuweza kuacha adabu na yeye hakuwa nayo.

Nilikuwa nimenunua gari kuukuu la mkate, ubavuni bado limechorwa ngano. Nilimbebea Bi Rukia masufuria yake, nikawabebea watu makochi. Kurata aliniona naliegesha, akaja akalizunguka, akapiga tairi teke. "Milango ya nyuma inafunguka yote?" Inafunguka. "Heta ya kupasha joto inafanya kazi?" Haifanyi. "Vizuri," akasema, "Kanada inalainisha watu." Akanipeleka kwenye banda alilokodi nyuma ya duka la matairi, akavuta turubai. Jamani. Spika mbili ndefu kuliko mimi, nyeusi, pembe zimefungwa chuma, na amplifaya nzito kama jiwe la kusagia. Mimi kwetu nilikuwa kijana wa kubeba nyaya za bendi za dansi, nilijua spika, na zile hazikuwa spika, zilikuwa nyumba. Akaniambia: "Nibebe mwaka mmoja, kila onyesho. Mwaka ukiisha, hizi zako. Kabla ya hapo, huzigusi bila mimi." Sikuomba muda wa kufikiri. Nilikwisha kuziona zimesimama kwenye ukumbi wa harusi, na mimi pembeni yake nimevaa suti, trei za ndege nimezisahau.

Historia ya zile spika ndiyo historia yake. Huko kwao alikuwa na bendi, jina lake alinitafsiria kuwa Jino Bovu, na kumbi nyingi za mji wao ziliwapiga marufuku kwa sababu walivunja vitu. Hilo alilisema kama mtu mwingine anavyosema alihiji. Walitoa santuri moja, ikaisha, hawakutoa nyingine. Wakaja Amerika kupiga, wakazunguka, na njiani kati ya Toronto na Montreal wakagombana ndani ya gari juu ya nani amekula tambi ya nani. Wenzake watatu wakapanda ndege kurudi kwao. Yeye akabaki na vyombo na jina. Akamwokota Nelo, mpiga dramu, Mreno aliyezaliwa hapa hapa, mchana fundi wa vigae, na mtu wa besi aliyebadilika kila wakati kwa sababu hakuna aliyemvumilia. Mtu mzima wa umri ule, sifa zake ziko bara jingine, anaosha trei na nywele za kijani. Niliwahi kumwuliza kwa nini harudi kwao. Akasema, "Kule wananipenda sasa." Akatema mwiba wa samaki wangu.

Onyesho la kwanza lilikuwa kwenye baa ya chini ya ardhi katikati ya mji, unashuka ngazi nyembamba, dari unaligusa kwa kiganja. Nilizishusha zile spika karibu peke yangu, Kurata nyuma yangu ananiambia polepole mjinga, polepole mjinga. Nikasimama pembeni ya jukwaa, mikono kifuani, kama mlinzi wa benki. Wimbo wa kwanza uliisha kabla sijamaliza kupiga chafya. Wa pili nikausikia kwenye meno. Sitasema ulikuwa mzuri. Lakini nimesimama mbele ya bendi kubwa kubwa, wapigaji wenye vidole vya asali, na sijawahi kuona mtu anayelishika gitaa kana kwamba limemtukania mama. Katikati ya wimbo wa tatu, kijana mmoja mwenye chuma puani akajisogeza mbele, akavuta kohozi kutoka kifuani, akamtemea Kurata usoni. Pah! Hapa katikati ya nyusi. Likamteremka mpaka mdomoni.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mate usoni ni damu, hakuna kikao. Na huyu, pamoja na ushenzi wake, nilikuwa nimemleta mimi, ni mtu wangu. Nikaruka, nikamkamata yule kijana kola, nikampandisha ngazi kisigino kikigonga kila kidato, nikamtupa barabarani, nikamwambia kwa Kiswahili mambo ya mama yake. Nikarudi chini nimetuna, nasubiri kushukuriwa. Muziki ulikuwa umesimama. Kurata, ambaye hakuwa akisimamisha wimbo hata kamba ikikatika, aliweka gitaa chini, akaja mpaka nilipo, akanipiga teke la goti. Nikaenda chini mbele ya watu wote. Akanipita, akapanda ngazi. Tukasubiri, na mimi nimeshika goti. Akarudi amemshika yule kijana mkono, kama bwana harusi anavyomshika mwali, akampitisha katikati ya watu, akamsimamisha mbele kabisa, akainama, akampa uso. Yule kijana akatema tena. Ukumbi ukalipuka kwa furaha.

Garini sikunyamaza. "Amekutemea mate!" "Ndiyo." "Usoni!" "Wewe ungependa atemee wapi?" Nelo nyuma kwenye ngoma zake akacheka. Nikamwambia Kurata, mtu akinitemea mimi, mmoja wetu anakwenda kaburini. Hapo akageuka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekasirika bila kupiga kelele. "Yule kijana analala kituo cha basi," akasema. "Hana pesa, hana kazi, nguo si zake. Alichokuwa nacho amenipa. Wewe ukamtupa nje. Ukimtupa mtu wangu tena, spika sahau." Mimi nikaona huu ni wazimu wa watu waliokosa wazazi, na mpaka leo sijaubadili sana huo mtazamo. Lakini spika nilizitaka. Kuanzia siku ile nikasimama mikono mfukoni, mate yakiruka kama mvua ya mchele, nikijiambia: Mbaruku, vumilia, hizi ni spika zako zinaloweshwa.

Tukaendelea hivyo. Hamilton, London ya huku, Kingston, miji ambayo sikuijua ila kwa milango yake ya nyuma. Alinifundisha kazi kwa matusi. Waya ukikunjwa vibaya, mjinga. Spika ikitazama ukuta, mjinga mara mbili. Aliweza kukaa nyuma kabisa ya ukumbi mtupu, amefumba macho, akasema ya kushoto imezidi kidogo, na kweli imezidi. Sikumwuliza kitu, niliiba kwa macho, kama nilivyoiba kila nilichonacho. Njiani ugomvi wetu mkubwa ulikuwa kaseti. Gari langu, kaseti zangu: taarabu, ile ya kina mama, ya mipasho. Alisema muziki ule ni wa kulazia watoto. Alisema mpiga gitaa yule anaomba radhi kila noti. Nikaongeza sauti. Akaweka vidole masikioni. Barabara nzima ya kwenda Kingston tulisafiri hivyo, mimi naimba, yeye amejiziba, Nelo amelala juu ya ngoma.

Baridi ilipokaza, Bi Rukia akawa anamwoza binti yake wa kwanza. Ukumbi umepatikana Malvern, wakwe wanatoka mpaka Ottawa, na mpiga kinanda naye wa Ottawa, Mzanzibari mwenye jina lake. Mimi nikajitokeza. Nikamwambia Bi Rukia, sauti niachie mimi, nina spika ambazo mji huu haujaziona. Akanitazama juu mpaka chini. "We Mbaruku, mdomo wako na spika zako kipi kikubwa?" Nikasema spika, Bi Rukia. "Haya mwanangu. Ukiniaibisha mbele ya wakwe, hata maji ya kunywa hutapata Dixon." Hakuwa anatania. Kwetu sisi tulioko huku, jina ndilo duka. Likifungwa halifunguliwi. Kurata akakubali kuzitoa spika kwa sharti awepo mwenyewe, maana mwaka haujaisha, huzigusi bila mimi. Basi akaja, na Nelo akaja kwa sababu alisikia kuna pilau.

Theluji ikaanguka tangu alfajiri. Wageni walifika wamechelewa, mabega meupe, kanga chini ya makoti. Mpiga kinanda hakufika. Gari lake limekwama huko barabarani na hakuna ajuaye lini litatoka. Bibi harusi yuko chumbani amekwisha kurembwa, kina mama wamekaa mbele wamejipanga kwa sare, wakwe wanatazama saa, na jukwaani kuna spika mbili kubwa kama majeneza, kimya. Bi Rukia akaja, mikono yake imejaa hina, akaninong'oneza kwa tabasamu la kuonyesha watu: "Mbaruku, mwanangu, muziki uko wapi?" Nikaona jasho langu likianzia masikioni. Nikamwendea Kurata, anakula pilau jikoni. Nikamwambia, inuka ukapige. "Sipigi sherehe." Nikamwambia, basi kuanzia leo beba spika kwa mgongo. Akatafuna. Akaniangalia, nadhani aliona hofu, na hofu ya mwenzake ilikuwa inampa hamu. Akafuta vijiti vyake, akaenda kutoa gitaa garini. Nilimwomba angalau avue koti lake lililopigiliwa vyuma. Hakuvua.

Alipopanda jukwaani kina mama wakaguna. Mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu ndiye mpiga kinanda au ndiye kakimeza?" Wakacheka. Kurata akachomeka waya. Nikafumba macho, nikasubiri Jino Bovu. Kilichotoka ni ule wimbo wa mipasho, ule wa upande wa kwanza wa kaseti yangu, tangu vionjo vya mwanzo mpaka kile kikorombwezo cha katikati ambacho hata wapigaji wetu hukiruka. Mshenzi yule alikuwa ameziba masikio barabara nzima ya Kingston na kumbe kila noti imeingia. Aliupiga mbaya, mkali, umejaa changarawe, Nelo nyuma yake anauchapa kama vigae, lakini ndio wenyewe. Vichwa vikageukia jukwaani. Halafu kigelegele kimoja. Halafu vyote. Kina mama wakasimama wakaanza kuimba maneno wenyewe, wakinyoosheana vidole, na spika zangu zikayabeba, nikasema moyoni, Mbaruku, umetoka. Trei kwaheri.

Bi Rukia akainuka. Akaja anacheza taratibu, noti imeshikwa kwa vidole viwili juu ya kichwa, kila mtu amwone anavyotunza, wakwe waone. Akamzungushia Kurata ile noti kichwani, akambandika kipajini, na kwa jasho ikanasa. Hapa katikati ya nyusi. Kurata akasimamisha wimbo. Akaibandua. Akaitazama mbele na nyuma kama notisi ya kufukuzwa nyumba. Akaichana katikati, akaziachia nusu zote mbili zidondoke juu ya viatu vya Bi Rukia.

Nimesikia ukimya mwingi katika kazi hii. Ule sijausikia tena. "Mbaruku!" Bi Rukia hakuhitaji maikrofoni. "Huyu mtu wako kanichania?" Nikasema, Bi Rukia, hajui, si wa kwetu. "Hajui pesa? Hata mbuzi wa Ngamiani kule Tanga wanajua pesa! Nimesimama mbele ya wakwe zangu, namtunza, ananichania kama karatasi ya maandazi!" Shoga yake mmoja akamvuta kanga: "Muache, labda kwao ndiyo kufurahi." "Basi akafurahie nje! Mtoe. Na wewe toka nyuma yake." Tukafungasha mbele ya watu, hakuna aliyenishikia hata waya. Kina mama hawakutusubiri. Walileta masufuria na mifuniko kutoka jikoni, wakaanza kupiga na kuimba papo hapo, na jina lililokuwa ndani ya ule wimbo lilikuwa langu. Harusi ilifana sana, nilisikia baadaye.

Nikaendesha mpaka taa za barabarani, nikashindwa kwenda mbele, nikasimamisha gari pembeni. "Kwa nini?" nikamwuliza. Akasema, "Nilikuwa napiga. Akanipa bakshishi, kama mhudumu." "Alikutunza! Kwetu lile ni taji!" "Alinibandika bei usoni." "Mtu anakutemea kohozi unamshika mkono, mtu anakuvisha heshima unamchania!" "Hukuniambia," akasema. "Na wewe hukuniambia!" nikasema. Theluji ikawa inafunika kioo. Nelo nyuma hakucheka. Kama mmoja wetu angesema neno moja tu la kistaarabu pale, labda tungekuwa marafiki, tungezeeka tukitembeleana, ningekuwa nawaandikia kitu kitamu. Nikamwambia, "Umeniua. Dixon nzima itanicheka. Nitaosha trei mpaka nife." Akafungua mlango, akashuka na gitaa lake. Nikamwuliza kwa kejeli, "Na spika zako, Mfalme?" Akaupiga mlango wa ngano kwa kiganja. "Si zangu," akasema. "Mwaka umeisha."

Haukuwa umeisha. Ulikuwa bado mbali. Mimi najua na yeye alijua. Nikaondoa gari. Kwenye kioo nilimwona akitembea, nywele za kijani zikigeuka nyeupe, na Nelo akaniomba nimsubiri, nikasema hapana.

Jumatatu hakuja kiwandani, alikuwa amehamia zamu nyingine. Dixon kweli ilinicheka. Kwenye lifti watu walinichania karatasi mbele ya uso. Lakini sikilizeni namna dunia ilivyo. Wakicheka wanasimulia, na wakisimulia wanasema: zile spika, mwenzangu! Zilisikika mpaka uwanja wa ndege! Baada ya muda akaja mtu wa kwanza, anaoza binti, anataka spika zile, bila yule Mjapani. Akaja wa pili. Binti wa pili wa Bi Rukia alipoolewa, mama mtu alishuka mwenyewe mpaka kwenye mlango wangu: "Spika zile zile, Mbaruku. Yule mchanaji wa noti abaki kwao." Nikavua ile kofia ya wavu, nikaitupa ndani ya kigari cha bati pamoja na mikate ya watu, na sijaosha trei hata ya nyumbani kwangu tangu hapo.

Yeye sikumfuatilia. Kama najua kwamba alirudi kwao mara moja, wakampa ukumbi mkubwa wenye viti vya kukaa, akaudharau, akapiga nyimbo tatu akaondoka, ni kwa sababu niliambiwa. Kama najua alitoa santuri nyingine na ya mwisho imepigwa polepole, karibu kama taarabu, ni kwa sababu mtu aliisahau garini mwangu. Kama najua vidole vyake viliharibika akaanza kufundisha vijana kwenye chumba cha chini cha kanisa, akiwaita wajinga, basi mji ni mdogo. Tuliishi mji mmoja miaka yote hii. Mara moja tu tulionana, kwenye maegesho ya duka la vyakula, yeye na mfuko wa mchele, mimi na gari jipya. Tukatazamana. Hakuna aliyeanza.

Maombolezo waliyafanya kwenye ile ile baa ya chini. Maimuna aliniambia nisiende kama nitagombana. Nikavaa suti. Ngazi ni zile, ila sasa zina taa, na chini wanauza mvinyo. Picha yake wameiweka kwenye kigoda, kubwa, imefunikwa kioo, maua chini. Vijana wenye ndevu zilizochongwa wanapanda mmoja mmoja kusema alikuwa mnyenyekevu, alikuwa nuru, alikuwa kama babu. Walisema kwa sauti ndogo, maikrofoni inakoroma, spika inatazama ukuta. Wajinga mara mbili. Nelo nilimkuta kwenye kiti cha pembeni, mnene, upara unang'aa. "Mbaruku! Bado unalo gari la mkate?" Nikamwambia ninayo magari, kwa wingi. Akacheka. "Alikuwa anakutaja," akasema. "Akinitajaje?" "Vibaya." Nikashukuru Mungu, angalau kwa hilo hakubadilika.

Watu wakapanga mstari kumuaga. Nilikuwa nimekuja na noti mfukoni, mpya, kubwa kuliko ile ya Bi Rukia. Njia nzima nilijiona nikimbandika kipajini juu ya kioo, mbele ya watu, nimtunze kwa nguvu, aichane sasa kama anaweza. Mstari ukasogea. Mbele yangu binti mmoja aliweka ua jeupe akalia kwa adabu. Nikafika. Macho yale. Nikatoa noti, na mkono wangu ukafika mpaka karibu na kioo, nikamsikia kabisa: bei usoni. Nikairudisha mfukoni. Nikavuta kutoka kifuani, kutoka chini kabisa, kutoka kwenye samaki wote alionilia, nikamtemea. Pah. Hapa katikati ya nyusi.

Wote walishangaa kwa pamoja, sauti moja, kama walifundishwa. Ukimtoa Nelo, hakuna hata mmoja wao aliyejua. Mwenye ndevu mmoja akanikamata kola ya suti, mwingine mkono, wakaniburuta, kisigino changu kikigonga kila kidato, wakaniita mnyama, mzee asiye na haya. Kicheko cha Nelo kilinifuata mpaka juu. Wakanisukuma nje, wakafunga mlango.

Nikaweka kola sawa. Baridi ilikuwa kali, gari langu liko ng'ambo, lina heta nzuri. Nikasimama pale pale nilipomtupa yule kijana mwenye chuma puani, nikautazama mlango. Mtu pekee ambaye angezipanda zile ngazi, akanishika mkono na kunirudisha mbele kabisa, ndiye niliyekuwa nimetoka kumtemea. Nikampa muda. Nikampa muda zaidi ya alivyostahili. Halafu nikavuka barabara.